Kipindi cha Kusoma Kinachoongozwa na Mwanafunzi Mwenzako: Utakayoyakuta na Jinsi ya Kufaidika

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akisikia kuna kipindi cha ziada cha fiziolojia Jumatano saa kumi na moja jioni, na kitaongozwa na komredi wa mwaka wa tatu, hudhani anaenda kufundishwa upya. Anabeba daftari, anaketi nyuma karibu na dirisha, anasubiri noti. Dakika ya kumi ubao bado una swali moja tu, na aliyeliandika ameketi zake. Hapo wengi hukata tamaa, na wiki ya pili huwaoni.

Hakuna aliyewaambia kwamba kipindi cha aina hii kimewekwa ili uulizwe. Ukishalishika hilo, yanayobaki ni utaratibu tu. Lakini utaratibu nao una mitego yake, na mwanafunzi wa miji ya vyuo ya Kenya kama Njoro, Maseno, Kakamega au Bondo hukutana na mitego ambayo miongozo ya ng'ambo haina habari nayo.

Jua kwanza unaenda wapi

Kwetu kila kikao cha wanafunzi kuanzia watatu kwenda juu huitwa diskasheni, na jina hilo moja hubeba vitu ambavyo havifanani.

Kuna kipindi kinachosimamiwa na idara au ofisi ya chuo. Kiongozi wake amechaguliwa kwa sababu aliifanya yuniti hiyo, yaani somo mnalosoma muhula huu, na kuipita vizuri, na mara nyingi amepewa mafunzo kidogo ya kuendesha kikao. Mtindo huu una historia. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Missouri–Kansas City huko Marekani, Deanna Martin alianzisha mpango wa aina hiyo kwa wanafunzi wa fani za afya, kisha ukasambaa hadi Uingereza, Australia na Afrika Kusini. Alichokifanya Martin na ambacho bado kina maana ni kuacha kutafuta wanafunzi dhaifu, akatafuta yuniti ngumu, zile zinazoangusha watu wengi kila mwaka, kisha akafungua mlango kwa kila aliyesajiliwa. Hakuna anayeingia mle akiwa na muhuri wa kufeli kwenye paji la uso. Kiongozi naye hurudi kuketi darasani na kusikiliza mhadhara upya pamoja nanyi, ili ajue mhadhiri amesema nini wiki hii, maana aliyoyasema miaka miwili iliyopita huenda yamebadilika.

Kuna pia kundi mnaloliunda wenyewe, watu watano wa darasa moja chini ya mti au kwenye chumba cha hosteli. Hili halina kiongozi rasmi, na mambo mengi ya mwongozo huu yanalihusu pia, ila itabidi mpokezane kuongoza.

Halafu kuna kile cha kulipia. Mtu anabandika karatasi kwenye lango la hosteli wiki moja kabla ya mtihani, eti shilingi kadhaa kwa kichwa, atawapitisha katika yuniti nzima kwa usiku mmoja. Sisemi wote ni matapeli. Nasema tu kwamba anayelipwa kwa kichwa ana sababu ya kujaza ukumbi, na ukumbi ukijaa hakuna atakayeulizwa chochote. Utapata mhadhara wa pili, tena wa mtu mwenye haraka.

Ili kukipata kile cha idara, tazama ubao wa matangazo nje ya ofisi ya idara, muulize mwakilishi wa darasa, pita kwa mlezi wa wanafunzi, na usisahau maktaba, kwa sababu vyumba vya vikundi huwekewa nafasi pale na wahudumu wanajua nani hukutana saa ngapi. Kama chuo chako hakina mpango wowote, muombe mhadhiri akutajie mwanafunzi wa mwaka uliotangulia aliyeielewa yuniti na mwenye subira. Sisitiza subira. Mwenye alama ya juu kabisa si lazima awe ndiye anayefaa. Wako waliopata A ambao hawawezi kukumbuka jinsi ilivyokuwa kutoelewa.

Anza mapema

Muhula wa kawaida una wiki kama 14 au 15. Katika yuniti nyingi za vyuo vyetu, majaribio ya katikati ya muhula, yaani CAT pamoja na kazi za kuandika, huchukua alama 30, na mtihani wa mwisho alama 70. Anayejiunga wiki ya 12 anakuta wenzake wamezoeana, wana vifupisho vyao vya mchezo na makosa yao wameshayacheka. Ataona aibu kuuliza jambo la wiki ya pili, na jambo la wiki ya pili ndilo lililomkwamisha.

Wiki ya pili au ya tatu ndiyo yenyewe. Bado hujajua kama yuniti itakusumbua, sawa. Nenda hata hivyo. Ukiona huhitaji, hakuna atakayekufuata hosteli kukudai.

Soma peke yako kwanza

Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayoamua kama utatoka na kitu.

Miaka ya 1970, Uri Treisman alikuwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akijiuliza kwa nini wanafunzi wengi weusi, tena waliokuwa wameng'aa shule za sekondari, walianguka katika hesabu za kalkulasi ilhali wenzao wa asili ya Kichina walifaulu. Wengi walidhani ni uvivu au udhaifu wa shule walikotoka. Alipowafuata walikosomea, alikuta wote wana bidii. Wale waliokuwa wakianguka walijifungia peke yao. Wale waliofaulu walisoma peke yao pia, lakini baadaye walikutana, wakalinganisha majibu, na kila mmoja akawa hakimu wa kazi ya mwenzake. Ikiwa wote wamekwama kwenye swali moja, walijua swali ndilo gumu. Aliyekuwa peke yake alidhani ugumu uko kichwani mwake.

Utaona mpangilio: peke yako, kisha pamoja. Ukianza na pamoja unakuwa mtazamaji. Kwa hiyo kabla ya kipindi fungua noti za wiki, jaribu maswali mawili au matatu, na pale unapokwama weka alama. Usiandike "sielewi takwimu". Andika "nimefika kwenye tofauti ya sampuli (variance), sielewi kwa nini tunagawanya kwa n kutoa moja". Swali la namna hiyo kiongozi anaweza kulishika mkononi. Lile la kwanza litamfanya aanze mhadhara, na kiongozi akianza mhadhara jioni yenu imekwisha.

Ndani ya chumba

Turudi kwenye ule ubao wenye swali moja. Tuseme ni wanafunzi wa uuguzi na utabibu, na swali linasema: majeruhi ameletwa kutoka kwenye ajali ya bodaboda, amevuja damu nyingi, mapigo ya moyo ni 120 kwa dakika, kwa nini moyo unakimbia?

Mmoja atasema ni hofu. Kiongozi hatasema "umekosea". Atauliza: na kama amezirai, hajui hata aliko, bado ni hofu? Kimya. Mwingine anafungua noti na kusoma kwamba damu inayosukumwa na moyo kwa dakika ni kiasi cha kila pigo mara idadi ya mapigo. Kiongozi anampa chaki: weka namba. Mtu mzima aliyepumzika, tuchukue mililita 70 kwa pigo na mapigo 72. Inakuja 5,040, yaani lita tano na kidogo. Sasa damu imepungua mwilini, kila pigo linatoa mililita 40 tu. Mapigo yakibaki 72, mwili unapata 2,880. Ili urudi kwenye 5,040 unahitaji mapigo mangapi? Mtu wa nyuma anapiga hesabu kwenye simu: 126. Wote wanatazama tena swali, mapigo 120, na mnong'ono unapita chumbani.

Kiongozi mzuri haachi hapo. Anauliza kama moyo ukienda hadi 180 mgonjwa atakuwa salama zaidi. Wawili watasema ndiyo. Basi niambieni, anasema, moyo hujaa damu saa ngapi? Unajaa kati ya pigo na pigo. Ukikimbia mno, muda wa kujaa unakatika, na kile kinachotoka kwa kila pigo kinapungua zaidi. Sasa kila mtu anaongea kwa pamoja.

Hiyo imekula dakika 25. Darasani ilikuwa slaidi moja ya fomula, na mhadhiri aliipita akielekea slaidi inayofuata. Usishangae, basi, kipindi kizima kikiisha kwa maswali matatu. Anayepima kipindi kwa idadi ya kurasa zilizopitiwa ataona amepoteza muda.

Tarajia pia kimya. Kiongozi aliyefunzwa atauliza na kunyamaza, na sekunde kumi za kimya katika chumba cha watu wazima ni ndefu sana. Anasubiri kwa makusudi. Usimwokoe kwa kusema "tupe tu jibu". Ukisema "sijui", ongeza unachokijua: "sijui, ila najua shinikizo la damu limeshuka." Hapo umempa mwenzako pa kuanzia.

Jambo moja ambalo halisemwi: lugha. Diskasheni za kwetu huanza kwa Kiingereza, zikikolea zinaingia Kiswahili na Sheng, na moto ukiwaka zinaishia Kijaluo Kisumu, Kiluhya Kakamega, Kikalenjin au Kikuyu upande wa Njoro. Kuelezana kwa Kiswahili ni jambo zuri. Mtu hugundua haraka kama ameelewa au alikariri maneno tu. Lakini mkiingia lugha ya nyumbani na pembeni ameketi mtu wa kutoka Mombasa au Garissa, mmemfukuza bila kumwambia atoke. Mtani wako wa karibu akukumbushe. Na kwa kuwa karatasi ya mtihani ni ya Kiingereza, dakika tano za mwisho mtu mmoja aandike jibu ubaoni kwa Kiingereza cha mtihani, wengine wamsahihishe. Vikundi vinavyoruka hatua hii huwa na watu wanaoelewa sana na kuandika vibaya.

Usiyopaswa kuyatarajia

Kiongozi hatakufanyia kazi ya kuandika uliyopewa. Anaweza kukuuliza maswali mpaka uione njia, au akaleta mfano unaofanana nayo, basi. Hatoi alama wala hawezi kukuombea alama kwa mhadhiri. Mahudhurio katika mipango mingi ni hiari, na hata orodha ikipitishwa huwa ni ya kujua watu wangapi wamekuja.

Karatasi za mitihani iliyopita zitakuwepo, na zina faida, mradi zitumike kujipima. Kikundi kinachokariri majibu ya miaka minne kinajiandaa kwa mtihani uliokwisha kufanywa. Na mtu akikuambia ana maswali yenyewe yatakayotoka, ondoka. Ama anakudanganya, ama anakuingiza kwenye kosa ambalo adhabu yake inaweza kuwa kusimamishwa au kufukuzwa chuo. Kipindi kikigeuka kuwa mahali pa kutengenezea mwakenya, yaani vikaratasi vya kuibia mtihani, hicho si kipindi tena, hata kama yule anayekiendesha ana cheti cha uongozi ukutani.

Kiongozi atakosea wakati fulani. Ni mwanafunzi, na ndiyo sababu unamwelewa. Ukiona jibu lake linapingana na kitabu, mwambie pale pale kwa adabu: "Kiongozi, kitabu kinasema vingine, tuangalie." Mzuri atasema hana hakika, ataandika swali pembeni na kulipeleka kwa mhadhiri. Asiyekubali kuangalia, mtafutie mbadala.

Kwa walio katika vyuo vya ufundi, Kisumu National Polytechnic au Sigalagala kwa mfano, kumbuka mpaka wa karakana. Kuchora, kukokotoa na kusoma michoro mnaweza peke yenu. Kuwasha mashine ya kukereza vyuma au ya kulehemu bila mwalimu hamwezi, hata kama kiongozi wenu aliwahi kufanya kazi katika karakana za Kariobangi, Nairobi, miaka mitatu.

Mambo ya mahali na saa

Kipindi kizuri huchukua dakika 60 hadi 90. Zaidi ya hapo watu wanaanza kuangalia simu. Saa zipangwe kwa kumfikiria anayelala nje ya chuo, kwa sababu anayetoka Maseno kurudi Kondele, au Njoro kurudi mjini Nakuru, ana hesabu yake ya matatu, na ile ya mwisho haimsubiri mtu. Kipindi kinachoisha saa tatu usiku kinawaondoa kwanza wasichana wanaokaa nje, nao hawatasema sababu. Wataacha tu kuja. Kimalizike saa moja na nusu, na wanaotembea kuelekea Lurambi au kwingineko waondoke pamoja.

Kakamega mvua ya alasiri ikigonga paa la mabati hamtasikizana. Chagueni chumba chenye dari, au mkutane asubuhi. Stima ikipotea, kuwa na chaki na ubao kunasaidia kuliko slaidi za kompyuta, na ndiyo maana napendelea chaki hata stima ikiwepo: mwenye chaki huenda polepole, kila mtu anaona hatua zinavyozaliwa.

Kundi la WhatsApp linafaa kwa saa, mahali na picha ya ubao. Pigeni marufuku kutumiana humo faili za kurasa mia tatu. Zinakula bando, hazisomwi, na zinampa mtu hisia ya kwamba amesoma kwa sababu tu amepakua.

Kuhusu pesa: mpango wa chuo ni bure. Mkimnunulia kiongozi chai na mandazi, huo ni ungwana wa kawaida. Mchango wa kila wiki ukianza kudaiwa, ulizeni idara.

Usiku ule ule

Ukirudi chumbani, kabla ya kulala, funga daftari na uandike swali lililojadiliwa na jibu lake kutoka kichwani. Dakika kumi na tano zinatosha. Kisha fungua ulinganishe. Baada ya siku tatu au nne rudia tena bila kutazama.

Kuna sababu ya kujisumbua hivyo. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis waliwapa wanafunzi makala wasome. Baadhi waliyarudia kusoma, wengine waliyafunika na kujaribu kuyaandika kutoka kichwani. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka zaidi. Ndiyo maana anayebukua noti usiku wa kuamkia CAT anaweza kupita CAT, kisha mtihani wa mwisho ukimkuta hana kitu.

Kikundi kikidorora

Kufikia wiki ya nne unapaswa kuwa umeona dalili. Je, umewahi kushika chaki? Maswali unayoleta yamekuwa madogo na makali zaidi? Ikiwa kila wiki unatoka umefurahi lakini huwezi kumweleza mwenzako wa chumbani hata jambo moja, umekuwa ukihudhuria burudani.

Mara nyingi tatizo ni ukubwa. Miaka ya 1990, walimu wa kemia wa City College ya New York walianzisha warsha za kila wiki zinazoongozwa na wanafunzi, kila kiongozi akiwa na watu sita hadi wanane. Idadi hiyo bado ndiyo ninayoiamini. Mkiwa 30, gawanyikeni katika meza nne, kila meza na swali lake, kiongozi azunguke. Mkiwa wawili au watatu, unganeni na darasa jingine linalofanya yuniti hiyo.

Tatizo jingine ni yule anayejibu kila kitu. Hana ubaya, anajua tu, na wengine wamemwachia. Dawa yake ni kumpa kazi: awe mwandishi ubaoni, anayeandika yanayosemwa na wengine bila kuongeza neno lake. Atateseka wiki ya kwanza, wengine watafunguka ya pili.

Ukiombwa uongoze mwaka ujao

Ukiifanya yuniti vizuri, kuna siku idara itakuita. Kabla ya kukubali uliza ni saa ngapi kwa wiki, kama utaketi tena kwenye mihadhara, nani atakufunza, na kama kuna barua au cheti cha kuthibitisha kazi hiyo mwishoni, kwa sababu barua ya namna hiyo ina uzito ukienda kuomba nafasi ya mazoezi kazini. Uliza pia ni kwa mhadhiri gani utapeleka maswali yaliyokushinda, na saa ambazo anapatikana ofisini.

Kisha andaa maswali manne kwa kila kipindi ukijua mtafika kwenye mawili, na ukifika chumbani keti upande ule ule wanakoketi wengine, mgongo wako usiwe kwenye ubao.